Divai ya Vikombe vya Chai

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, duka la vinywaji la Rupinder mjini Kitale lilikuwa limefurika. Bethwel, shati la samawati limenyooshwa pasi, alisimama mbele ya rafu ya divai akijikuna kichwa. Nekesa, msichana wa Bungoma aliyekuwa akiuza hapo, alimwonea huruma.

"Unatafutia nani?"

"Mama. Anataka waini tamu, ya kunywa na keki baada ya chakula. Lakini isiwe bei ya kuniua."

"Chukua hii nyeupe. Ni tamu na si ghali, uiweke kwa friji kwanza. Lakini si mama ni mtu wa kanisa?"

"Ndiyo maana tunamimina kwa vikombe vya chai. Pasta akiingia, anapata tunakunywa chai."

Nekesa alicheka mpaka akashika kaunta. Jumanne Bethwel alirudi, wala hakununua chochote.

Wakapendana. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, kipenzi?"

"Nakungoja uje unilishe, bana."

Bethwel aliahidi kwamba Krismasi atampeleka kwao Kibomet, mama amwone. Nekesa akashonesha gauni la kitenge cha zambarau, akawatangazia na watu wa kwao. Wiki moja kabla ya sikukuu, Bethwel akapiga.

"Mpenzi, kazi imenishika huku Suam. Nitakuwa mpakani Krismasi yote. Tungoje mwaka mpya."

Nekesa, maskini, alimpa pole.

Tarehe ishirini na nne akaingia dada mmoja, nywele zimesukwa juzi, viatu vipya vinambana.

"Sasa? Nisaidie waini tamu, isiwe ghali. Kesho napelekwa kwa kina mchumba, Kibomet. Mamake hataki kitu chungu. Na ati wanakunywa na vikombe vya chai, juu ya kuogopa pasta."

"Mchumba ni Bethwel?"

"Eeh. Unamjua?"

"Ni kastoma."

Mkono wa Nekesa ulikwenda kwenye divai kavu, ile chungu inayokwaruza koo, ukakaa hapo. Kisha akachukua tamu. Yule mama hakuwa amemkosea, wala huyu dada.

Dada alipotoka, Nekesa alijificha nyuma ya makreti akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Suam. Malori hayaishi."

"Mchumba wako ametoka hapa dukani sasa hivi."

Bethwel akashusha sauti.

"Nekesa, sikiza. Mama ndiye alisema nilete msichana wa kwetu. Kesho ni ya kumtuliza tu. Mwaka mpya nakuja Bungoma kukuposa, haki."

Iliuma, na ilimuuma zaidi kwamba bado aliipenda sauti ile.

"Usingoje mwaka mpya. Kesho niko nyumbani Bungoma, na wazee wangu watakuwepo. Kuja kesho."

Alingoja. Bethwel akaanza tena habari za mamake, na Nekesa akakata simu. Alilia hapohapo, wateja wakimsikia, kisha akapiga simu kwao.

"Mama, kesho nakuja. Peke yangu."