Meno Madogo Kwenye Mkate

"Nani kaung'ata huu mkate?"

Odile aliuliza hivyo asubuhi ya sikukuu ya Marehemu Wote, mwanawe mchanga Clairette akiwa begani. Pale kijijini Montfaurin, usiku wa kuamkia siku hiyo kila nyumba huwaachia wafu wake mkate na maziwa mezani, na kukicha mkate hutupiwa kuku, mzima kama ulivyowekwa. Huu ulikuwa na alama za meno madogo. Mumewe, Armand, aliinamia bakuli lake. Mama mkwe wa Odile, Huguette, aliuchukua akautupia motoni.

"Kahawa inapoa," alisema.

Tangu siku hiyo nyumba ikanuka majani yaliyooza na mavi ya ng'ombe, na zizi lilikuwa tupu miaka mingi. Mchana kweupe mitalawanda, viatu vya mbao, ikatembea darini bila mtu, ko, ko, ko, ikasimama juu ya kitanda cha mtoto. Kisha maziwa ya Odile yakakauka. Aliamka matiti yamenyonywa, yana alama za meno, na Clairette, asiye na hata jino moja, analia kwa njaa. Maziwa ya kopo akayatapika. Akakonda mpaka shingo ikashindwa kubeba kichwa.

Majirani wakafunga madirisha. Kijiji ambacho ukikohoa jikoni kwako unapewa pole kanisani, eti hakuna anayejua kitu!

Odile akamwita Zélie, mganga mzee anayeponya majeraha ya moto kwa kuyapuliza. Alifika jioni, akagoma kuvuka kizingiti.

"Huguette, hujamwambia mkweo?"

"Usinihubirie, Zélie. Si hata wewe ulimwona, ukapita?"

"Nilipita," Zélie alisema, sauti imeshuka. "Sote tulipita."

Ndipo yakatoka. Zamani serikali ilileta yatima kutoka Paris walelewe mashambani. Huguette alipewa msichana. Akamlaza na ng'ombe, akamlisha baada ya mbwa. Majira ya baridi yalipokaza, wakamkuta amekufa zizini, mdomo umejaa majani makavu. Na kila Marehemu Wote wafu wa nyumba waliwekewa mkate, yeye hakuwekewa. Hakuwa wa nyumba.

"Sasa kuna maziwa ya mama humu," Zélie alisema, "na yeye hakuwahi kuyaonja. Mwekeeni kiti. Mwiteni kwa jina lake, ale, aende zake."

Odile akaweka bakuli la supu, akavuta kiti, na hapo hapo mitalawanda ikaanza kushuka ngazi, polepole, kama ya mtoto anayeogopa kupigwa, na ile harufu ya zizi ikaingia ikajaa jikoni mpaka Armand akaziba pua, na kiti kikasogea chenyewe kuelekea meza, na Clairette, aliyelia tangu alfajiri, akanyamaza ghafla, macho yakikodolea pale palipokuwa patupu.

"Jina, mama! Haraka!" Odile alimwambia Huguette.

Huguette alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Alikuwa anaitwa nani?" Odile aliuliza tena.

"Sikumuuliza," Huguette alinong'ona. "Tulikuwa tunamwita 'we mtoto'."

Kiti kikarudi nyuma. Hatua zikapanda ngazi, zikasimama palepale, juu ya kitanda. Supu ilikuwa haijaguswa.

Clairette bado anapumua, lakini kwa shida. Kama ulipata kuishi Montfaurin miaka ile, na unalikumbuka jina la msichana yule, tafadhali nenda kamwambie Odile. Nenda leo.