Pete Iliyokatika

Siku ya tatu baada ya Bi Zumreta kutolewa mtoto wa jicho, taa zote za mji wa Travnik ziliota pete za mwanga. Hata taa za mnara wa msikiti zilipowashwa kutangaza futari, kila moja ilikuwa na yake. Daktari alikwisha kumwambia ni kawaida, zitapungua zenyewe. Hakumwambia kwamba pete ya taa ya jikoni itakatika upande mmoja, upande aliokaa mkamwana wake Ajla, kana kwamba mtu amesimama nyuma ya msichana huyo akiziba mwanga.

"Hebu hamia kiti kile," alisema.

Ajla akahama. Pengo nalo likahama.

"Mama, mbona unanitolea macho?"

"Ni mapya, acha niyatumie."

Tusifichane, Bi Zumreta hakumpenda Ajla tangu siku ya harusi, ingawa msichana huyo ndiye aliyemtia matone ya dawa kila asubuhi. Sasa akapata sababu: msichana ana jini. Mwanawe Muris alipokwenda kazini, akamwita Bi Devleta, mwaguzi anayesoma madini ya risasi yaliyoyeyushwa.

Bi Devleta akamfunika Ajla shuka, akashika bakuli la maji juu ya utosi wake, akamimina humo risasi iliyoyeyuka. Ikachachatika, harufu kali ikajaa chumbani. Risasi ikaganda mfano wa msuko wa nywele.

"Msuko wake huo," Bi Zumreta alinong'ona. "Jini ni lake."

"Subiri, dada. Humwagwa mara tatu. Ya kwanza haisemi kama msichana analileta jini au analizuia."

"Mimi nina macho." Akamfungulia Ajla mlango. "Nenda kwa mama yako."

"Nikienda, mchana kutwa utabaki na nani?"

"Na amani yangu."

Jioni Muris aliambiwa mkewe kaenda kumtazama mama yake. Akanuna, akainamia supu. Bi Zumreta akainua macho kwenye taa; pengo lilikuwa palepale juu ya kiti kitupu cha Ajla, pana kuliko jana, lenye mabega sasa, na ile harufu ya risasi ilikuwa imerudi ingawa jiko lilikuwa limezimwa tangu alasiri, na lile pengo jeusi lilikuwa likiinama polepole kuelekea kapu la mikate, upande wa mwanawe.

Muris akanyoosha mkono bila kuinua kichwa. Kipande cha mkate kikatua kiganjani mwake.

"Asante, mama," alisema.

Mikono yote miwili ya Bi Zumreta ilikuwa mapajani.