Jibu la Arubaini

— Siku baba yako alipokuuliza kama umeridhia kuolewa, ulimjibu nini, Bi Biasha?

— Nimjibu nini, mwanangu? Nlinyamaza, nkatazama mkeka. Mwari akinyamaza ndo kesharidhia, au wewe hukufundwa?

Wanawake waliokuwamo ukumbini wakaangua kicheko. Mwatum naye alicheka kidogo, kwa adabu, akaandika kwenye daftari: "Namba thelathini na tisa. Alinyamaza. Alikuwa ameridhia."

Nje, kwenye baraza ya nyumba ile ya Miembeni, Miraji alikuwa ameketi chini ya dirisha akisubiri. Mwanamume haingii ukumbi wa wanawake, hata awe mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa hiyo maswali yalikuwa yake na mdomo ulikuwa wa Mwatum, aliyejitolea mwenyewe kupitia kwa mama yake Miraji. Wiki ya tatu hii walikuwa katika kazi hiyo, mwaka ule wa 1971, na kesho kutwa Miraji alikuwa anarudi Dar es Salaam.

Wiki tatu nzima! Na bwana huyo hajamuuliza Mwatum hata neno moja la moyo wake.

Miaka mitano nyuma walipendana, kama vijana wa Kikwajuni walivyokuwa wakipendana: kwa macho, na kwa vijibarua vilivyokunjwa mara nane. Miraji akenda bara kusoma, akaahidi kuleta posa akirudi. Haikutimia miezi miwili, akaja mposaji mwingine, Silima wa Kidichi, na Mwatum akaozwa. Mwaka wa pili Silima akampa talaka, Mwatum akarudi kwa baba yake. Alirudi na sanduku lake la nguo. Moyo haukuwa na pa kurudi, maana haukuwahi kwenda Kidichi. Tangu hapo alikuwa akimtamani Miraji kila siku ya Mungu.

— Bado mmoja tu, watimie arubaini, alisema Miraji walipokuwa wakirudi. Alitembea hatua mbili mbele yake, watu wasije wakapata la kusema.

— Na huyo mwanafalsafa wako, unayemsoma chuoni, atafurahi?

— Hafurahi huyo! Yeye anasema, ukimenya machungwa mia ya Ndijani, yote yakawa matamu, bado hujathibitisha kwamba kila chungwa la Ndijani ni tamu. Usitafute yanayokubaliana nawe. Tafuta moja kali. Ukilipata, dhana yako imeanguka.

— Na dhana yako ndo ipi?

— Kwamba kimya cha mwari ni ridhaa. Nimemtafuta wa kuikanusha, simpati.

— Umetafuta wapi?

— Miembeni, Kikwajuni, mpaka Chwaka.

— Nyumba ya Mzee Jaku je?

Miraji alisimama. Mzee Jaku ndiye baba yake Mwatum, na nyumba ile alikuwa akiipitia mbali tangu ashuke melini.

— Huko jawabu nshalijua, alisema bila ya kugeuka. Mama aliniandikia: "Mwatum kaulizwa, kanyamaza, kaozwa." Nkaelewa.

— Ukaelewa!

Mwatum alitaka kuendelea, lakini njia ilikuwa na watu. Akaomba tu abaki na daftari, ausafishe mwandiko.

Alasiri ile alikaa peke yake uwani, akaandika:

"Namba arubaini. Aliulizwa ana miaka kumi na minane. Alinyamaza kwa sababu machozi yalimjaa kooni, na hapana aliyemtazama usoni. Hakuridhia. Alikuwa na mtu wake, aliyevuka bahari, na jina lake hakuthubutu kulitaja mbele ya baba. Mpaka leo anamtaka."

Asubuhi akalipeleka daftari kwa mama yake Miraji, akarudi mbio, akajuta njia nzima. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Haikufika adhuhuri, hodi mlangoni. Miraji huyo, daftari kifuani, jasho linamtoka.

— Huyu namba arubaini ni nani?

— Si ulinambia utafiti wako hauandiki majina?

— Mwatum, usinifanyie mzaha. Miaka mitano nimekulaumu! Mbona hukusema?

— Nani aliyeniuliza mara ya pili? Baba hakuuliza. Na wewe, msomi mzima, uliyefundishwa kulitafuta linalokukanusha, ukapokea barua moja ya mama ukaikunja. Hukuniandikia hata mstari: "Mwatum, ni kweli?"

Miraji aliinamisha kichwa.

— Niliogopa. Ungenambia ni kweli, ningekufa.

— Mimi ndo nliyekufa, Miraji. Wewe ulikuwa unasoma.

Machozi ya Mwatum yakateremka, wala hakuyaficha.

— Meli ya kesho sipandi, alisema Miraji mwishowe. Nikimwendea Mzee Jaku leo, utanyamaza tena?

— Kunyamaza ni kwa mwari. Mimi nshaolewa nkaachwa, sheria yenyewe inanitaka niseme kwa mdomo wangu. Nenda.

Ijumaa ya pili yake, chumba kilijaa udi na wanawake. Mzee Jaku aliingia na mashahidi wawili, akasimama mbele ya binti yake.

— Mwatum, Miraji amekuposa. Umeridhia nikuoze?

— Nimeridhia, baba. Nioze.

Sauti ilifika mpaka barazani. Shangazi yake akamfinya paja.

— Taratibu, we! Huna haya?

Mashahidi walikwisha kugeuka kutoka, lakini Mzee Jaku alibaki palepale, akimtazama mwanawe usoni.

— Na ile mara ya kwanza, mwanangu?

— Ile mara ya kwanza, baba, nlikuwa nasema hapana.

Mzee akamwekea mkono kichwani.

— Nisamehe. Sikukutazama.

— Nshakusamehe, baba. Nenda, anakungoja.

Mzee Jaku alipangusa macho kwa mkono wa kanzu, akatoka kwenda walikoketi wanaume, akakaa mbele ya Miraji na kumpa mkono wa kulia, ndoa ifungwe.