Vidole Viwili vya Elieza

"Kwa hiyo umeacha kweli?"

"Nimeacha, Kristina."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya nani mwingine?"

Walikuwa wamekaa juu ya magunia ya viazi kwenye njia panda ya Makambako, wakisubiri lori la Njombe. Tangu vita ya Wazungu ilipoisha, Elieza alikuwa akipiga piano kwenye bendi za jazi za Iringa na Morogoro, na mwisho kwenye hoteli ya Wazungu hapo Makambako. Kwa sababu hiyo kanisa lilimtenga. Wazee wa usharika walisema wazi: asimame mbele yao aukane muziki wa dansi, ndipo watatangaza ndoa yake na Kristina. Kristina alikuwa amesubiri hadi wadogo zake wote wakaolewa.

Odilo, mpishi wa hoteli, akaja anahema na koti la Elieza mkononi.

"Fundi, utakufa na baridi! Kamwene, shemeji."

"Kamwene, shemeji."

"Mumeo huyu aliondoka kanisani, miguu ikabaki. Piano haitaki kupulizwa, lakini yeye anakanyaga sakafu kama bado anajaza upepo kinanda cha Walutheri!"

Kristina akacheka. Odilo naye akacheka, kisha akatikisa kichwa.

"Ila bwana mkubwa wa hoteli alikosa utu. Mtu mkono umeumia, unamfukuza? Si ungemwacha apone kwanza."

Kicheko cha Kristina kikakatika.

Lori lilipopanda kuelekea Njombe, kati ya mashamba ya miti ya miwati, ndipo Kristina alipouliza.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Vidole viwili havikunjiki tangu Krismasi."

"Na ulipokuja kwetu ukasema umenichagua mimi, ukaacha piano?"

"Nilikuwa nimeshafukuzwa."

"Kama wasingekufukuza?"

Elieza akaufunika mkono wa kushoto kwa koti.

"Ningekuwa bado napiga."

"Mbona hukusema?"

"Ulifurahi mno. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile kwa ajili yangu. Nikashindwa kukunyang'anya."

"Kumbe mimi ni banda la kuwekea kilichoharibika."

"Kristina…"

"Kesho wazee wakikuuliza, usinitaje."

Kristina akampa mgongo hadi Njombe.

Kesho yake wazee walikaa kanisani, Kristina kwenye benchi la wanawake, shuka ameivuta hadi kidevuni. Kama Elieza angeukana muziki kama walivyopanga, Jumapili ndoa ingetangazwa. Kristina hakujua tena kama alitaka itangazwe.

"Elieza mwanangu," alisema Mzee Filemoni, "unaukana muziki wa dansi?"

"Mzee, mkono ndio uliokataa. Moyo haujakataa. Mkono ukipona, nitarudi kupiga."

Benchi la wazee likaguna, na mmoja wao akafoka.

"Wewe kijana! Si ungesema ndiyo tu, mtoto wa watu akaolewa?"

"Nimeshamdanganya yeye, mzee. Sina nguvu ya kuwadanganya na ninyi."

Mzee Filemoni akavua miwani, akajisugua macho.

"Basi hatutatangaza kitu. Urudi baada ya mavuno, tuone."

Elieza akainamisha kichwa, akatoka. Kristina akasimama.

"Wewe kaa, mwanangu," akasema Mzee Filemoni. "Wewe hujatengwa."

"Najua, mzee. Nimechoka kukaa."

Alimkuta Elieza nje, kwenye ukuta wa kanisa, upande wenye jua.

"Usinifuate kwa huruma, Kristina."

"Huruma niliimaliza kwenye lori."

"Sasa umefuata nini?"

"Umesema kweli mahali ambapo uongo ungekupa kila kitu. Lete huo mkono."

Akautoa polepole. Kristina akashika vile vidole viwili, baridi kama mawe ya mtoni, akaanza kuvisugua.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Na vikipona, ukienda Makambako, tunaenda wote."

Elieza akajaribu kuvikunja. Havikukunjika. Kristina akaendelea kusugua.