Mama wa Nyamache Aliniambia Nisiwashe Gesi

"Cheka, mwanangu. Endelea kucheka hivyo hivyo... na usiwashe hiyo gesi!"

Aliniambia kwa Ekegusii, lugha yetu Wakisii, sauti ya chini kabisa, huku meno yote yakiwa nje kama mtu anayesimulia harusi.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha jiko. Kiliganda hapo hapo.

Kupitia dirishani nilimwona Brandon, mwenye kampuni ya kuweka jikoni, akizunguka uani na simu sikioni. Yeye ndiye aliyenileta Nyamache nikaone kazi yake kwa macho yangu, kwa mteja wake "aliyefurahi sana".

"Jaribu moto wake, shem, nakuja sasa hivi," alikuwa ameniambia akitoka.

Yule mama, Drusilla, akachungulia nje. Halafu akapandisha leso aliyojifunika mkono wa kushoto.

Jamani... jamani!

Kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko, ngozi ilikuwa imejikunja na kung'aa kama plastiki iliyoyeyuka.

"Ni jiko hili hili," akasema.

"Ilikuwaje, mama?"

"Mtungi umefungiwa ndani ya kabati. Mpira wenyewe ni wa maji, si wa gesi. Gesi ikavuja, ikajaa humo ndani. Mimi nikawasha kiberiti nipike chai."

"Na hawajarekebisha mpaka leo?"

"Walirekebisha rangi."

Niliinama kidogo kwenye lile kabati jeupe, zuri kama la gazetini. Chini ya harufu ya vanishi kulikuwa na harufu nyingine... kama kitunguu kilichooza.

Nikaondoa kidole kwenye kitufe.

"Sasa wewe unapikia wapi?"

"Nje, kwa kuni. Hii huwashwa wageni wakija tu. Na kila ikiwashwa, mimi huomba Mungu."

"Kwa nini usiseme?"

Macho yake yakajaa maji.

"Kuna mambo hayasemeki, mwanangu. Wewe mkatalie tu hiyo kazi. Lakini usimwambie ni mimi nimekuambia. Nakuomba."

Nikampa namba yangu haraka haraka, akanipa yake.

Viatu vikasikika barazani. Leso ikashuka.

"Eeh, shem! Umeonaje moto?"

Na yule mama, bila hata kupepesa, akarukia Kiswahili: "Hii jiko iko sawa sana! Hata chapati inaiva yenyewe!"

Nilicheka. Ndugu zangu, sijawahi kucheka kicheko kichungu kama kile.

* * *

Naitwa Kwamboka, wa Nyansiongo. Nafuga ng'ombe wa maziwa. Mume wangu, Mokua, anafanya kazi kiwanda cha chai. Nyumba yetu tumeijenga pole pole, jiwe juu ya jiwe, na mwaka huu tukafika jikoni.

Maisha yangu yote nimepikia kwenye moshi. Nikasema hii jikoni nitaichagua mwenyewe!

Kumbe ilikuwa imeshachaguliwa.

Purity, dada mdogo wa Mokua, alikuwa amechumbiwa na Brandon. Kijana mtanashati, mpole, Sabato haimpiti. Alisema kwao ni Kilgoris, na wazazi wake wote walishafariki. Yatima aliyejitengeneza mwenyewe! Nani hampendi mtu kama huyo?

"Wifi, yaani utapea msee wa nje hiyo kazi na Brandon yuko?" Purity aliniuliza. "Hayo si madharau?"

Kweli nilikuwa nimeshaenda kwa kampuni nyingine, pale Kisii mjini, ya dada mmoja anaitwa Emily. Na niwaambie ukweli, Emily aliniudhi.

Sikuwa hata nimekaa vizuri akaniuliza, "Mtungi wa gesi utakaa wapi?"

"Si ndani ya kabati, ndio jikoni ipendeze?"

"Hapana. Hiyo sifanyi. Utakaa nje, mahali penye hewa, na bomba lipite ukutani. Kama hutaki hivyo, tafuta mtu mwingine."

Niliondoka nimenuna. Brandon yeye aliniuliza napenda rangi gani!

Sasa nikiwa kwenye gari, tunarudi kutoka Nyamache, maneno ya Emily yalikuwa yananizunguka kichwani kama nyuki.

"Shem, mbona kimya?"

"Kichwa kinaniuma."

"Yule mama anapenda kuongea sana. Alikuambia nini?"

"Alisifu jiko tu."

Brandon akaniangalia. Akaniangalia sana kuliko mtu anayeendesha gari anavyofaa kuangalia.

"Sawa," akasema. "Basi Jumapili tunaleta vitu."

* * *

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu kila kitu. Mkono, mpira wa maji, harufu.

"Lakini, Baba Osoro, hii ibaki kati yetu. Huyo mama aliniomba."

"Sawa."

"Uniahidi."

"Si nimesema sawa!"

Asubuhi iliyofuata simu yangu ikalia. Brandon.

"Shem, nasikia kuna hadithi umesimuliwa kule Nyamache."

Nikaweka kikombe chini.

"Hadithi gani?"

"Ati jiko limechoma mtu. Yule mama aliungua na uji, shem. Na kichwa chake siku hizi hakiko sawa. Lakini usijali, nitaenda niongee na yeye."

"Usiende kumsumbua, Brandon!"

"Nitaongea na yeye," akarudia, pole pole. Akakata.

Nilitoka mbio mpaka zizini. Mokua alikuwa anakatia ng'ombe nyasi.

"Ulimwambia nani?"

"Nani? Aah... nilimuuliza Purity tu kama..."

"Ulimwambia Purity!"

"Ni dada yangu! Anaolewa na huyo kijana, nisimuulize?"

"Umemuuza mama wa watu, Mokua! Amekaa kule peke yake, mkono mmoja haufanyi kazi, na wewe umemuuza!"

Aliendelea kukata nyasi zilizokuwa zimeshakatika.

Nikampigia Mama Drusilla. Simu imezimwa.

Nikapiga tena mchana. Imezimwa.

Jioni... imezimwa.

Siku ya Sabato nilikaa kanisani bila kusikia neno. Mbele yangu Purity na Brandon waliimba kutoka kitabu kimoja, na mimi nilikuwa naangalia mikono ya Brandon nikijiuliza, amemfanya nini yule mama?

* * *

Jumapili pickup ikaingia uani. Mbao nyeupe, milango ya vioo, sinki inametameta. Majirani wakaanza kujipanga kwenye ua.

Nilisimama kwenye mlango wa jikoni yangu. Nikapanua mikono.

"Hakuna kitu kinaingia hapa."

"Mama Osoro, toka mlangoni," Mokua akasema. "Usinitie aibu mbele ya watu."

"Afadhali aibu."

Purity akaanza kulia. "Wifi, nimekukosea nini? Kwa nini unaharibia Brandon jina?"

Brandon alikuwa ametulia kabisa. Tabasamu lile lile la kanisani.

"Shem, mimi sina ubaya na wewe. Lakini umesema kazi yangu inachoma watu. Leta ushahidi. Nani amekuambia? Mtaje hapa mbele ya wote."

Majirani wakasogea karibu. Macho yote kwangu.

Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye jina! Lakini nikakumbuka yale macho yaliyojaa maji.

"Sitamtaja mtu. Ni mimi mwenyewe sitaki."

"Mnaona?" Brandon akawageukia watu. "Hana kitu."

Mokua akanishika mkono. Hakuwahi kunishika hivyo tangu anioe.

"Nimesema toka!"

Nikang'ang'ania fremu ya mlango. Akavuta. Vidole vyangu vikaanza kuteleza, kimoja kimoja...

Ndipo bodaboda ikakata kona na kusimama nyuma ya pickup.

Akateremka mama mwenye leso.

Mungu wangu, yuko hai!

Tabasamu la Brandon lilizimika kama mshumaa.

"Nilimsikia akipanga kuweka leo hapa Nyansiongo," Mama Drusilla akaniambia, akihema. "Simu alinichukua. Lakini njia hakunifungia."

"Brandon, huyu ni nani?" Purity akauliza.

"Ni... ni customer tu." Akaangalia kando. "Simjui sana. Si niliwaambia kichwa chake hakiko sawa?"

Nilimwona yule mama akilipokea lile neno. Simjui. Alirudi nyuma hatua moja kama amepigwa kofi, mguu ukakwama kwenye mbao zilizokuwa chini... akaanguka! Akaangukia ule mkono.

Sauti aliyoitoa, sitaki kuisikia tena maishani.

Na unajua nani alimfikia wa kwanza?

Si mimi. Si Mokua.

Ni Brandon! Aliitupa kando milango ya vioo iliyokuwa njiani ikapasuka vipande vipande, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake nyeupe.

"Mama! Mama, mkono! Umeumia? Mama yangu, nionyeshe mkono!"

Kwa Ekegusii safi cha Nyamache. Analia kama mtoto.

Hakuna mtu aliyesogea.

"Brandon," Purity akasema, kwa sauti ndogo. "Umemwita nani?"

Akainua kichwa. Alikuwa amekumbuka tuko hapo.

Mama Drusilla ndiye alijibu, bado amekaa chini.

"Ni mimi nilimzaa. Ni kitinda mimba wangu."

"Uliniambia amekufa!" Purity akapiga kelele. "Ulinisimulia vile ulimzika! Nililia na wewe, Brandon! Nilikushika mkono nikalia na wewe!"

"Ningekupeleka nyumbani ungeona mkono," Brandon akasema, uso chini. "Ungeuliza. Kila mtu angeuliza. Kazi ingeisha."

Mama Drusilla akafungua leso yote, mbele ya majirani, mbele ya mafundi. Wanawake wakashika midomo.

"Nilinyamaza kwa sababu ni mtoto wangu," akasema. "Alileta wageni, nikasifu. Akaleta wengine, nikasifu. Nikajiambia, mimi nimeungua mmoja, inatosha. Halafu akaja huyu." Akaninyooshea kidole. "Aliniuliza, sasa wewe unapikia wapi? Tangu niungue hakuna mtu ameniuliza napikia wapi. Hata huyu niliyemzaa. Nikajua nikinyamaza tena, nitamzika mtoto wa mtu."

Mokua aliniachilia mkono. Aliangalia alama za vidole vyake kwenye ngozi yangu, akashindwa pa kuweka uso.

"Mama Osoro..."

"Mimi baadaye," nikamwambia. "Mpe yule mama kiti kwanza."

* * *

Najua mnataka kusikia Brandon alipigwa au alishikwa na polisi. Majirani walitaka, walianza hata kukusanya mawe.

Mama Drusilla akasimama mbele yake na ule mkono wake mmoja mzima.

"Mkimuua, nani ataenda kutoa mitungi kwenye zile nyumba zingine? Mimi sizijui zote. Yeye anazijua."

Hapo ndipo wote tukakumbuka... zile nyumba zingine! Watu wanapika sasa hivi!

Waliondoka jioni hiyo hiyo na ile pickup, Brandon kwenye usukani, mama yake kando yake. Mokua na fundi mmoja wakapanda nyuma kuhakikisha hakuna anayepotea njia. Nyumba baada ya nyumba. Waliofungua, mitungi ikatolewa nje. Waliokataa wakidhani ni wezi, Mama Drusilla alishuka, akapandisha leso, akasema, "Nimezaa aliyefanya hii. Fungua mlango."

Kule Magwagwa walikuta kabati limejaa gesi na mama wa nyumba ameshika kiberiti, anasubiri tu watoto watoke kuoga.

Brandon alikaa kwenye ngazi ya ile nyumba akatapika. Mokua ndiye aliniambia.

Kampuni imekufa. Ni haki yake. Siku hizi anampeleka mama yake kliniki Kisii, na amemjengea jikoni ya nje yenye paa. Sisemi amekuwa malaika. Nasema tu nimemwona akibeba kuni.

Mokua aliniomba msamaha mbele ya wale wale majirani, kwa sababu alinivuta mbele yao. Nilimwambia ataomba hapo hapo mbele yao, la sivyo asahau.

Jikoni yangu aliiweka Emily. Rangi ni ya kawaida tu. Lakini nalala usingizi.

Sasa wewe unayesoma hii, na unatafuta kampuni ya kukuwekea jikoni... Usione haya kumkatalia ndugu. Usidanganywe na milango ya vioo. Yule anayekuudhi na maswali mapema, msikilize. Undugu utarekebishwa kwa chai na maneno mazuri, lakini moto haujui shemeji!

Purity bado hajamkubali Brandon tena, wala hajavaa pete ya mtu mwingine. Jana alikuja jioni, akanisaidia kukamua ng'ombe, mwishowe akaniuliza, "Wifi, mtu anayeweza kumzika mama yake kwa mdomo, siku moja si atanizika na mimi?"

Nikammiminia chai. Nyinyi mngemwambia nini?