Njia Iliyofungwa kwa Miche

Udongo uliporomoka kabla mpima ardhi hajamaliza kukunja mkanda wake. Miti mitatu ikaenda nao, na njia waliyopandia ikaenda pia. Yeye alibaki amekaa kwenye matope, mguu wa kulia umevunjika juu kidogo ya kifundo.

"Shemeji, usiinuke," alisema mtunza kitalu, mke wa kaka yake, huku akiufunga mguu kwa mtandio na vijiti vikavu. "Maji yamebaki?"

"Nusu chupa."

"Kunywa. Mimi sina kiu."

Alikuwa na kiu ya kufa mtu.

Kigongo kile cha mlima kilikuwa kidogo, cha kuzungukwa kwa siku moja. Lakini upande wa mvua ulikuwa magenge matupu, na upande mkavu, wenye kituo chao, ulikuwa na njia moja tu nyingine: ya zamani, ya wapasua mbao haramu. Na hiyo aliifunga mtunza kitalu mwenyewe miaka minne nyuma, kwa kuipanda miche kutoka juu hadi chini. Sasa ukungu ulikuwa unashuka na mguu unavimba. Kama wangelala huku juu, baridi ingemmaliza shemeji yake.

"Umetufungia mlango na funguo umemeza," alisema mgonjwa, meno yakigongana.

"Nyamaza, nipe mkono."

Hakuona hata hatua tano mbele. Akapapasa. Shina jembamba. Hatua mbili, shina jingine. Hatua mbili, jingine tena. Msitu haujipandi kwa mstari; ni yeye aliyewagombeza vibarua kwa ajili ya hizo hatua mbili mpaka wakamchoka. Furaha ikamjaa kifuani, akacheka peke yake kwenye ukungu.

Wakashuka mti kwa mti, mkono wa shemeji shingoni mwake.

"Mwanamume mzima, mzito kama gunia la mbolea!"

"Mapishi yako hayo."

Kwenye mteremko mkali bega lake lilikataa. Wakaanguka wote wawili, na shemeji akapiga yowe lililomtoa machozi mtunza kitalu. Alichomoa panga kiunoni, akasimama mbele ya mti mmoja ulionyooka, wenye panda juu. Alikuwa ameuotesha kwa mkono wake, tangu mche.

"Samahani," alisema, akaukata. Kwa gongo lile mgonjwa alijikokota mpaka chini.

Mlinzi wa lango la kituo aliwakimbilia na machela. Alimlaza mpima ardhi vizuri, akampa maji, kisha macho yakatua kwenye gongo lenye majani mabichi. Hakuna kukata mti mbichi msituni, hata uwe nani. Sheria hiyo aliitunga mtunza kitalu.

"Mama," alisema kwa aibu, "huo..."

"Lete daftari. Mkataji ni mimi."

"Na sababu niandike nini?"

Alimtazama mgonjwa, aliyekuwa tayari analalamika kwamba maji ni ya moto.

"Andika kwamba miti ninayo mingi," alisema. "Shemeji ninaye mmoja."