Beba Chini, Bingwa

Nyuma ya jiko la Mama Pacha kulikuwa na chuma kizuri cha kuanikia nguo. Kilikuwa kinene, kimepinda juu kama fremu ya mlango, na kilifungwa ukutani kwa waya. Kamba zake za nguo zilianzia hapo. Hata shuka zikilowa vipi, chuma hakikuyumba. Mama Pacha alikipenda sana. Mwenye watoto pacha hana siku isiyo na kufua.

Chuma hicho kilitoka kwenye trekta la mumewe. Siku trekta lilipofika nyumbani, upinde uliokuwa nyuma ya kiti uligonga paa la banda. Mumewe hakupoteza muda. Alichukua spana, akaufungua, trekta likaingia.

"Hawa watengenezaji nao wana mambo," alisema. "Chuma chote hiki cha nini?"

"Kama hukitaki, nipe mimi," Mama Pacha alisema.

Watu walimwita mumewe Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, watu wakalizoea. Kazi yake ilikuwa kubeba marobota ya nyasi kavu kutoka mashamba ya mlimani hadi kwenye mazizi ya wafugaji. Robota moja ni kubwa na zito, wanaume watano hawaliinui. Lakini trekta lilikuwa na mikono ya chuma mbele. Bingwa alilichoma robota kwa ncha za mikono hiyo, akalinyanyua juu kabisa, kupita kichwa chake. Alisema anafanya hivyo ili aone njia. Ukweli ni kwamba alipenda pia kuonekana.

Asubuhi moja Mama Pacha alimpelekea chai shambani. Kwa kawaida alipakiwa juu ya madigadi ya gurudumu kubwa, akakaa pembeni ya mumewe kama bibi harusi. Siku hiyo alichelewa kwa sababu ya kufua, kwa hiyo alipanda mlima kwa miguu.

Alimwona Bingwa akija na robota juu. Hakushuka moja kwa moja. Alikata ubavuni mwa mlima ili afupishe njia. Ghafla gurudumu la upande wa juu likapanda kichuguu kilichofichwa na nyasi. Trekta likainama upande wa bondeni. Gurudumu kubwa likaachana na ardhi, likawa linazunguka hewani.

Mama Pacha alipiga kelele. Birika likamponyoka.

Robota likachomoka na kubingirika hadi mtoni. Trekta lilipopungukiwa mzigo, likarudi chini kwa kishindo. Injini ikazimika.

Bingwa alishuka. Alishika gurudumu asianguke, lakini mdomo ulikuwa mzima.

"Umeona? Ndiyo maana naitwa Bingwa!"

Mama Pacha hakucheka. "Nimeona wanangu wamekuwa yatima, Baba Pacha. Hicho ndicho nilichoona."

"Ni kichuguu tu. Usikuze mambo."

Mama Pacha hakubishana naye. Alirudi nyumbani, akampigia simu wifi yake, mdogo wa Bingwa. Huyo alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba kubwa, na alikuwa amesomea kazi hiyo. Bingwa hakupenda kusikia habari za udereva wa mdogo wake.

Wifi alikuja siku yake ya mapumziko. Bingwa alijua mara moja ameitiwa nini.

"Wewe nilikubeba mgongoni ukinikojolea," alisema. "Leo uje unifundishe kazi?"

"Sikufundishi, kaka. Nataka tucheze tu. Chukua hiyo ndoo ya maji, uinyanyue juu ya kichwa. Sasa simama, mguu mmoja kwenye ngazi, mwingine chini."

Bingwa alisimama hivyo, kifua mbele.

"Wifi, msukume mumeo. Kwa kidole kimoja."

Mama Pacha alimsukuma begani kwa kidole. Bingwa alipepesuka, ndoo ikampindukia, maji yakamlowanisha kichwa mpaka viatu. Pacha walicheka mpaka wakakaa chini.

"Jaza tena," wifi alisema. "Sasa ishike chini, karibu na goti. Simama vilevile. Wifi, msukume."

Mama Pacha alisukuma kwa kidole, kisha kwa kiganja. Bingwa hakwenda popote. Aliitazama ndoo.

"Trekta nalo ni hivyohivyo," wifi alisema. "Ukinyanyua mzigo juu, uzito wote unapanda juu. Jiwe dogo au shimo dogo linatosha kulilaza. Beba robota chini, liwe juu ya ardhi kidogo tu, lisikwaruze."

"Likiwa chini sioni ninakokwenda."

"Basi nenda polepole, na upite kwanza kwa miguu. Kila penye shimo au kichuguu, chomeka mti. Usikate ubavuni mwa mlima na mzigo. Panda moja kwa moja, shuka moja kwa moja. Ukipanda, mzigo uwe mbele. Ukishuka, shuka kinyumenyume, ili mzigo ubaki upande wa juu. Tumia gia ndogo, na usibadilishe gia ukiwa katikati ya mteremko. Usikate kona kwa ghafla. Na nyuma ya trekta funga uzito, ili mbele pasikuzidi nguvu."

"Na mimi?" Mama Pacha aliuliza. "Mimi hukaa kwenye madigadi."

"Wifi yangu, trekta lina kiti kimoja. Usipande tena."

Kisha wifi alizunguka trekta. Akasimama nyuma ya kiti. "Upinde wa usalama uko wapi?"

Bingwa alitazama viatu vyake vilivyolowa. Mama Pacha alitazama ukuta wa jiko, na wifi akafuata macho yake. Nguo za pacha zilikuwa zinapepea pale.

"Huo?" wifi aliuliza taratibu.

"Huo," Mama Pacha alijibu. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Huo ndio unaozuia trekta lisimlalie dereva likipinduka. Na mkanda wa kiti unamshikilia ndani ya upinde, asirushwe nje akaenda kulaliwa. Mkanda uko wapi?"

"Umefunga debe la maziwa," Bingwa alisema kwa sauti ndogo.

"Vinakwenda pamoja, kaka. Mkanda bila upinde unakufunga kwenye hatari. Upinde bila mkanda haukushikilii. Ukiwa navyo vyote na trekta likaanza kulala, usiruke. Shika usukani, ukae."

"Lakini halitaingia bandani!"

"Banda likivunjika, tutajenga jingine. Wewe tutakujenga kwa kitu gani?"

Mama Pacha hakusubiri mumewe ajibu. Alianza kuondoa nguo kwenye kamba, moja moja, nyingine bado zinadondoka maji. Siku zote hizo alikuwa akianika vinguo vya watoto kwenye kinga ya baba yao, na kila siku alikisifu chuma. Bingwa alimwona. Akaenda kuleta koleo, akakata waya mwenyewe.

Fundi wa matrekta aliukagua upinde. Haukuwa na ufa wala kutu, akaurudisha kwa bolti zinazostahili. Alimkataza Bingwa kuutoboa au kuuchomelea, maana unapungua nguvu. Mkanda uliofunga debe ulikuwa umechanika, ukawekwa mpya. Bingwa alipandisha paa la banda. Nyuma ya jiko alichimbia miti miwili ya kamba. Ilikuwa imepinda kidogo, Mama Pacha akaisifu.

Msimu uliofuata Bingwa alianza kazi kwa kutembea na fimbo za kuchomeka. Siku moja wingu zito lilipanda wakati yuko mlimani. Mfugaji mwenye nyasi alikuja mbio.

"Bingwa, mvua hiyo! Nyanyua juu, kata ubavuni kama zamani! Siku hizi unatambaa kama kinyonga!"

Mama Pacha alikuwa pale na chai. Alimtazama mumewe, roho mkononi.

Bingwa alizima injini. Alikuwa na mkanda kiunoni na upinde nyuma yake.

"Hapana, mzee. Nitashuka taratibu, mzigo chini."

"Nani amekuharibu hivi?"

"Mdogo wangu wa kike," Bingwa alijibu kwa sauti ambayo hata wavunaji wa ng'ambo ya mto waliisikia. "Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha trekta. Kabla ya hapo nilikuwa nabahatisha."

Mvua ilinyesha kabla hawajamaliza. Marobota mawili yalilowa, na mfugaji alinuna. Mama Pacha hakusikitika hata kidogo. Jioni ile mumewe alikuwa mezani, pacha mmoja kwenye kila goti, anaomba kuongezewa chakula.